Sehemu ya Pili ya Kichwa cha Mjomba

Chaneli ya kinyozi ilikuwa na watazamaji tisa, na wanane walikuwa ndugu zake. Akadokezwa kwamba siri ni kumwacha mtu roho juu. Basi mjomba wake alipokuja kunyolewa, aliegemeza simu kwenye kopo la poda, akaunyoa upande wa kulia ukang'aa kama sahani, kisha akazima mashine.

"Upande wa kushoto, wapendwa, ni kesho!"

"Kesho ya nani?" mjomba akaruka kitini. "Jioni hii naenda kumposea mwanangu!"

"Mvumilivu hula mbivu, mjomba."

Mjomba alijitanda taulo la saluni kichwani, akatoka bila kuaga.

Saa moja baadaye kinyozi alifungua simu: watazamaji elfu nne! Alicheza peke yake mbele ya kioo, hadi aliposoma maoni ya juu kabisa: "Sehemu ya pili tumeiona kwa kinyozi wa ng'ambo. Yule ndiye fundi!"

Akakimbilia dirishani. Ng'ambo ya barabara, mjomba, kichwa kiking'aa pande zote mbili, alikuwa akiipungia kamera ya jirani lile taulo.

"Msisahau kujiunga na chaneli!"