Michongoma kwa Mara ya Tatu

Msimamizi wa karakana alikuwa ameng'oa ua wetu wa michongoma mara mbili, akidai unaleta wadudu. Asubuhi hiyo sisi watu watano wa kujitolea tulirudi na miche mingine, ili ndege wapate makao kando ya njia.

"Babu, hamchoki?" msimamizi aliniuliza, mikono kiunoni. "Nitaweka seng'enge hapa."

"Weka, mwanangu. Tutapanda pande zote mbili."

Binti yangu alinivuta shati. "Baba, twende zetu, ataita askari."

Nilipiga magoti, nikachimba. Kwenye rundo la miche aliyoing'oa msimamizi, ndege mdogo alichomoa kijiti, akaruka nacho mpaka juu ya dirisha la ofisi yake, kwenye kiota kipya. Msimamizi alikodoa macho.

"Haya, na huyo mng'oe," nilimwambia, nikashindilia udongo.