Kijojia cha Nyamburi

Leonardi aliporudi kijijini Buswahili kutoka Tbilisi, mji wa Wajojia katika Umoja wa Kisovieti alikosomea kilimo miaka sita, alishuka na vyeti, koti zito lisilo na kazi, na mke mweupe aliyeitwa Manana, mimba imeshaonekana. Serikali ikampa ubwana shamba wa pamba huko Bunda, na chumba kimoja cha kulala. Mke akaachwa kwa mama mkwe. Mume akawa mtu wa kuja Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya misa.

Nyamburi, mama yake Leonardi, hakumpenda mkamwana yule. Hakuchumbiwa, hakutolewa ng'ombe hata mmoja, kaingia tu uani kama kuku wa jirani. Lakini lililomchoma zaidi ni ile lugha. Kila Jumamosi wawili wale walikaa barazani wakiongea Kijojia, na katikati ya maneno wakicheka. Nyamburi alichambua kunde pembeni, macho chini, akiamini anachekwa yeye.

Mjukuu wake Jenoveva alipoanza kusema, mambo yakaharibika kabisa. Kwa Wajojia baba ndiye huitwa mama, na mama huitwa deda. Basi mtoto akawa anamkimbilia Leonardi akiita, "Mama, mama." Jirani yao Wambura alisimama uani na debe la maji kichwani, akatazama hadi mwisho.

"Dada Nyamburi," akasema, "huyu mwanao nilikuwaga namjua ni mwanaume. Siku hizi anaitwaga mama?"

Neno likafika kilabuni, toka kilabuni likafika kanisani.

Juma lililofuata Nyamburi alimwita Manana jikoni. "Nifundishe lugha yenu, mwanangu. Nizeeke nikiongea na wewe."

Manana alilia kwa furaha. Tangu afike, hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote cha kwao. Alitandaza unga kwenye ungo, akachora herufi kwa kidole. Zilijikunja kama kunde zinazochipua, hakuna kubwa wala ndogo, na kila sauti ilikuwa na herufi yake. Ukilisikia neno, umeshajua kuliandika. Kazi ilikuwa kwenye sauti. Kijojia kina k tatu. Ya kwanza ni ya pumzi, ukiitamka mbele ya kibatari moto unayumba. Ya pili hukatwa kavu, moto hautikisiki. Ya tatu hutoka chini kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Hiyo Leonardi ilimshinda miaka yote sita. Nyamburi, aliyeng'olewa meno mawili ya chini usichanani, aliipata kabla mvua hazijakatika.

"Deda, wewe unasema kuliko Leonardi," Manana alisema, akamshika mikono.

Akamfundisha pia kwamba kwao kuwa na jembe si sawa na kuwa na kuku. Kitu kisicho na uhai kina kitenzi chake, chenye uhai kina chake, na hicho cha pili kina ile k ya kooni. Nyamburi, aliyemkimbia mwalimu Silasi wa kisomo cha watu wazima akidai macho yanamsumbua, alirudia maneno hayo akipalilia pamba. Manana hakumwambia mumewe. Alitaka kumshangaza siku ya Pasaka.

Jumamosi moja Leonardi alifika amechoka. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na alishinda akibishana na wasiotaka kubomoa nyumba zao. Manana akamwuliza, kwa Kijojia, lini watakaa pamoja.

"Vumilia," Leonardi akajibu kwa Kijojia hicho hicho. "Mama kazeeka, atakufa tu. Tutauza ng'ombe, tuhamie Musoma."

Kufa, Nyamburi alikuwa amejifunza neno hilo siku mwewe alipoua kifaranga. Aliendelea kuchambua kunde. Akamsikia Manana akisema, "Usiseme hivyo. Huyu ni deda wangu pia."

Alisikia vyote viwili, mwana aliyengoja afe na mkamwana aliyemtetea. Lakini mwana alitoka tumboni mwake. Hasira ilitafuta pa kutua, ikatua kwa asiye na ndugu.

Akapeleka ng'ombe wa mahari Bunda, kwa wazazi wa msichana aitwaye Hana. Leonardi alipoelezwa, alitazama viatu vyake.

"Nani atamwambia Manana?" akauliza.

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli yake.

Siku ya Pasaka Manana alikuwa jikoni akichemsha mayai na maganda ya vitunguu yawe mekundu, kama kwao. Nyamburi akaketi kwenye kigoda, akasema kwa Kijojia: Leonardi ana mke mwingine. Alichagua kitenzi cha wenye uhai. Ile k aliitoa chini kooni, safi.

Manana alitabasamu. Alidhani ni zoezi. "Vizuri, Deda. Tena."

Nyamburi akasema tena. Kisha akaongeza, kwa Kijojia bado, kwamba anaitwa Hana, anakuja Jumapili ijayo, na kwamba yeye Nyamburi husikia kila kinachosemwa barazani. Tabasamu lilibaki usoni mwa Manana muda mrefu, halina tena maana. Mayai yakapasuka sufuriani.

Aliondoka kwa basi la kutoka Butiama kwenda Musoma, na toka huko hadi ubalozi wa Kisovieti, Dar es Salaam. Mtoto hakupewa. Alimwomba Leonardi kwa Kijojia, kwa Kirusi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Leonardi alisema hayo ni mambo ya mama. Nyamburi alisimama mlangoni, amembana Jenoveva kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali. Jenoveva alimwendea bibi yake, akasema, "Tsqali."

Ni maji. Mtungi ulikuwa hapo mlangoni, na kata juu yake.

"Sijui unasema nini," Nyamburi akamwambia.

Mtoto akasema tena. Akaonyesha mtungi kwa kidole. Nyamburi akautazama ukuta. Mtoto akalia, akagaagaa chini, akanyamaza, akalia tena mpaka sauti ikakauka. Jua lilikuwa linainama alipotambaa hadi miguuni pa bibi yake, akayataja maji kwa lugha ya pale nyumbani, kwa shida, neno likitoka nusu nusu.

Nyamburi akamchotea kata nzima, akamshika kisogo, anywe polepole asipaliwe.