Msiba wa Bi Spana

Wapangaji ndio waliompa jina la Bi Spana, kwa sababu ndani ya mkoba wake, pale wanawake wengine wanapoweka poda, yeye aliweka spana. Hakulikataa. Nyumba ile ya vyumba vya kupangisha aliijenga kwa cherehani, chumba baada ya chumba, akishona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Mtu akiisifu alijibu bila haya, "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa." Alijivuna, ndiyo, na asiyependa alijua mlango ulipo.

Sasa goti lilikuwa limemgeuka. Mwanawe wa pekee, mhasibu, mtoto mwema lakini king'ang'anizi kama mama yake, alimkuta siku moja juu ya ngazi akiziba bati, akaanza wimbo wake.

"Mama, umechoka. Mpe wakala hiyo nyumba. Atatafuta wapangaji, atakusanya kodi, bomba likipasuka ataita fundi. Wewe kazi yako iwe kupumzika."

"Nipumzike mpaka nife?"

"Mama, mara hii tu nisikilize."

Wakala mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuja na viatu vinavyong'aa na maneno yaliyopangika, na kila alichosema kilikuwa na maana, jambo lililomuudhi Bi Spana zaidi. Goti nalo lilitoa ushahidi upande wa wakala. Basi akakubali shingo upande kwamba atatia saini Jumamosi. Mwanawe akachukua hata simu yake na kuizima ili asisumbuliwe, akamketisha kitini, goti limefungwa bendeji. Wiki nzima Bi Spana hakukanyaga kwenye nyumba yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikaa akijiuliza kama kuna hata mmoja aliyegundua. Hilo ndilo lililomkereketa rohoni, kwamba huenda miaka yote ile alifanya kazi ambayo mtu yeyote mwenye funguo angeifanya.

Jumamosi asubuhi uvumilivu ukamwishia. Akashika fimbo, akajikokota mpaka mtaa wa pili kwenda kuiaga nyumba kabla ya kutia saini.

Langoni alisikia kilio.

Uani viti vilikuwa vimepangwa, sufuria kubwa la chai linachemka, wapangaji wamekaa nyuso zimewashuka. Akajibanza nyuma ya tangi la maji asikilize kwanza, maana si vizuri kuingia msibani bila kumjua aliyekufa.

Fundi viatu wa chumba cha kona alikuwa amesimama. "Tuseme kweli, marehemu alikuwa mkali. Na kwa taa za uani alikuwa mkono wa birika."

"Kabisa," wenzake wakaitikia kwa huzuni.

Bi Spana akatikisa kichwa nyuma ya tangi. Taa za uani zinakula umeme. Alimkubali marehemu huyo papo hapo.

"Lakini," fundi viatu akaendelea, "nani hapa aliingia kwenye chumba ambacho mama yule hakulala kwanza? Alikuja na mkeka wake, akalala humo usiku kucha asikie kama bati linavuja, kama mlango unagonga. Aliniambia, 'Siwezi kumpa mtu chumba ambacho mwenyewe sijalala.'"

"Mimi nilitoka zamu nikamkuta chini ya sinki langu," alisema muuguzi, akifuta macho. "Ameloa chapachapa, na bado ananifokea kwa nini nimekonda."

Hapo Bi Spana akamjua marehemu. Kifua kikamjaa fahari mpaka akalisahau goti, akatoka mafichoni.

"Na hiyo chai mnaipika kwa sufuria la nani?"

Viti vikapinduka. Mmoja alitafuta mlango akakuta ukuta. Muuguzi peke yake ndiye aliyemkimbilia, akamshika mkono na kumpima mapigo ya moyo kwanza, ndipo akamkumbatia.

"Nani kawaambia nimekufa?"

"Hakuna, mama," fundi viatu alisema, bado yuko mbali kidogo. "Wiki nzima hukuja. Simu haipatikani. Jana mwanao kaja na mgeni wanapima vyumba kwa futi, na yeye anajifuta machozi. Nani anapima nyumba ya mtu aliye hai?"

"Yalikuwa mafua ya vumbi!" sauti ilidakia kutoka nyuma.

Mwanawe alikuwa amesimama langoni na wakala, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia mengi. Akamsogelea mama yake taratibu. "Zile siku ulizosema unalala kwa rafiki yako..."

"Ningekuambiaje? Ungeniletea daktari."

Wakala akakohoa. "Mama, samahani. Kile chumba kilicho wazi, mpangaji anahamia kesho. Tukitia saini sasa hivi—"

"Nani amelala humo?"

Wakala akamtazama mhasibu. Bi Spana akafungua kinywa aseme atalala yeye, goti likamchoma, naye akajua kwamba hawezi tena kulala sakafuni. Akaegemea fimbo mbele ya wapangaji wake wote. Iliuma kuliko msiba.

"Nitalala mimi," mwanawe alisema. Akavua koti, akamgeukia wakala. "Wewe tutafutie wapangaji, hiyo unaiweza vizuri. Funguo zinabaki kwetu. Mama, nifundishe nisikilize nini."

Wapangaji wakapiga makofi. Bi Spana alimtazama mtoto yule aliyekulia chini ya meza ya cherehani, akaona fahari ambayo hakuna chumba kilichowahi kumpa. Hakumwambia, angevimba kichwa. Alikaa kwenye kiti cha msiba wake, akapokea kikombe cha chai, akapuliza.

"Anza na bati," alisema. "Na usilalie mto. Mto unaziba sikio."