Paa la Mgeni wa Gasorwe

Mashine ilifika Gasorwe, upande wa Muyinga, ikiwa imeviringishiwa blanketi, nayo ikapokewa kama bibi harusi. Letisia, mtafiti kutoka Gitega, aliisimika kileleni mwa kilima, akawaeleza wakulima kwamba juu kabisa angani limo tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua. Setilaiti hulipima kila mchana ipitapo, na mashine hii hulipima kutoka chini, ili ijulikane kama setilaiti inasema kweli. Akamkabidhi Longino, mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa kijiji, aitunze, naye akarudi Gitega.

Longino aliitunza. Alikuwa amekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai lililovuja, na hakuweza kustahimili kuona mgeni akipigwa na jua na mvua. Kabla ya juma kwisha, majirani walikuwa wamekwisha kuchanga miti na mabati, wakaijengea paa lililometameta.

Letisia aliporudi, alisimama mbele ya paa hilo, mikono kiunoni.

"Mzee, iko wapi mashine yangu?"

"Imo humo ndani, mwanangu. Haijaguswa na tone."

"Wala na jua! Tangu niondoke inatuletea giza tupu. Kazi yake ni kulitazama jua, mzee."

"Ndiyo maana tukaihurumia."

Jeska, mkewe Longino, alicheka hata akaketi chini. "Baba wee, shahidi kaitwa aje kuona, nawe umemfunga kitambaa machoni!"

Letisia hakucheka. "Paa hili likibaki, naihamishia kwa wenzenu wa Itaba."

Itaba! Kuipoteza mashine ilikuwa aibu. Kulibomoa paa lililokwisha kubarikiwa na padri ilikuwa aibu ya pili. Longino akawaita majirani. Wakaling'oa paa pamoja na nguzo zake, wakalibeba mabegani, wakalisimika chini kidogo ya kilele, mahali ambapo kivuli chake kisingeifikia mashine.

Vipimo vikaanza kufika Gitega, na wakubwa wakaja kuizindua mashine. Hotuba ya kwanza haijakwisha, mvua ikashuka. Wakubwa wakakimbilia chini ya paa, wakaisifu busara ya mtu aliyefikiri kulijenga pale. Mgeni wa Longino, ile mashine, alibaki kileleni peke yake, akilowa.

Longino alijikaza. Akajikaza tena. Kisha akaunyakua mwavuli wa mmoja wa wakubwa, akapanda, akaushika juu ya mashine, mwenyewe akichuruzika maji. Letisia alifumbua kinywa ili amkemee, akalitazama lile wingu zito, akakifumba. Saa ile, hata bila mwavuli, mashine isingeliona jua.

Mawingu yalipoanza kupasuka, Letisia akapaza sauti: "Mzee, jua!"

Longino akaufunga mwavuli upesi, akarudi nyuma hatua moja, akaiomba mashine radhi.