Nyutroni Zikiwa Njiani

Watani wake walimwita Bi Jua, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa kwenye kituo cha juu ya mlima akitega nyutroni, chembe ndogo mno zinazorushwa na milipuko ya jua, na alikuwa hajaambulia hata moja. Jua nalo lilitulia kama maji mtungini.

Asubuhi hiyo mama yake alipanda mlima kwa mara ya kwanza kuja kumwona kazini. Aliingia chumba cha mitambo akihema, akatazama masanduku meusi yaliyoelekezwa angani, akaguna.

"Mwanangu, hiki ndicho kinachokunyima kuja nyumbani?"

"Ndicho, mama."

"Hata hakipendezi!"

Fundi wa kituo, aliyekuwa amelifungua sanduku kubwa ili asafishe nyaya zake, alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Hapo simu ikalia, Bi Jua akaipokea kwa kipaza sauti. Alikuwa mwenzake Bi Jua wa kazi, yule anayesimamia chombo cha angani kinachopima miale ya gama. Hakusalimu.

"Jua limelipuka! Miale ya gama imejaa tele! Mko tayari?"

Bi Jua akalitazama sanduku lililo wazi, matumbo nje.

"Fundi, funga! Funga haraka!"

"Si jua limeshalipuka?" mama akauliza. "Mbio za nini tena?"

"Miale ya gama inakuja kwa kasi ya mwanga, mama, ndiyo maana imetangulia. Nyutroni zina uzito, haziiwezi kasi hiyo. Zimeondoka pamoja na miale, ila bado ziko njiani."

"Aa! Kama wajomba zako wakialikwa."

Mama akavua viatu, akapiga magoti kando ya fundi, akakinga kiganja. "Nipe hizo skrubu, baba, zisipotee." Fundi akaunganisha nyaya, kisha mama akawa anampa skrubu moja moja, Bi Jua akishikilia kifuniko. Kikakazika. Mtambo ukawashwa.

Wote watatu wakakodolea skrini macho. Mstari ulikuwa umelala. Ukaendelea kulala. Bi Jua akaanza kukata tamaa kimoyomoyo: huenda hewa imezimeza zote, huenda zimevunjikia njiani, maana nyutroni ikiwa peke yake haina maisha marefu.

Kisha mstari ukainua kichwa. Ukapanda, ukapanda tena, ukawa kilima.

"Ni zenyewe?" mama akanong'ona.

"Ngoja." Bi Jua akakimbilia skrini ya sanduku la pili, lililogeuzwa makusudi lisitazame jua. Huko kimya. Basi haikuwa hitilafu ya umeme, wala zile chembe za kawaida zinazotunyeshea kutoka kila upande wa anga. Hizi zilitoka juani. "Ndizo, mama! Ndizo!"

Mama akapiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka. Akamshika fundi mkono, wakacheza kuizunguka meza. Kwenye simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, sauti ilikuwa ikilalama: "Zimefika? Jamani, niambieni, zimefika?"

Bi Jua, akicheka na kulia kwa pamoja, aliinyakua simu ili amjibu. Mama akamnyang'anya simu.

"Nani mwenzangu? Mimi ni mama mzazi. Zimefika salama, zote! Na wewe njoo, tule pamoja."