Mke Mwenza wa Kwenye Simu

Osmund alikuwa mtu mzima na akili zake, fundi friji wa kuheshimika Ruhuwiko nzima, hapo Songea mjini, lakini mpe simu umwone. Humo ndani alikuwa na binti wa gemu, Lina, ambaye kazi ya mchezaji ni kumfunza muziki na mapishi mpaka akubali kuolewa. Na kufunza kwenyewe, jamani! Bonyeza, ngoja, bonyeza palepale tena, tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Pointi zikipanda anachekelea, zikishuka ananuna.

Mkewe Fausta, mwalimu, hakuona wivu. Alimwita Lina "mke mwenzangu", na Osmund akienda kuoga aliichukua simu, akamtembeza binti wa watu mtoni na kumnunulia maandazi. Alicheka peke yake mpaka machozi.

"Umemmalizia nguvu zote!" Osmund alifoka siku moja, povu la sabuni bado masikioni. "Sasa leo atafanya mazoezi na nini?"

"Si mchezo, baba? Tucheze basi wote."

"Mchezo gani? Nina kazi hapa!"

Fausta hakuigusa tena simu ile.

Mwezi wa sita akaitwa Madaba, akawe mwalimu mkuu. Alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa kwisha, na moyoni alishaamua: Osmund akimwambia baki, atabaki. Akaketi kando yake, akamweleza yote. Lina naye alikuwa amebakiza kidogo tu kufika ngazi ya mwisho.

"Unasemaje, Osmund?"

"Sawa," alijibu, kidole hakisimami. "Wewe nenda tu."

Akaenda. Osmund akamwoa Lina wiki ileile; maua yakamwagika kwenye kioo, kisha gemu likamwomba aanze upya. Hapo ndipo nyumba ilipomlemea. Alijuta, tena alijuta vibaya.

Jumapili moja akapanda basi hadi Madaba. Alimkuta Fausta barazani na walimu wenzake wakicheza karata, anaiba waziwazi na kucheka. Alipomwona mumewe aliinuka, akamletea kiti kizuri cha ndani, akampa soda kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

"Nimekosa, Fausta wangu," Osmund alisema. "Nilitaka kusema ubaki."

"Nilikungoja mpaka Ijumaa jioni," Fausta alimjibu kwa upole. "Kunywa soda yako taratibu. Basi la mwisho la Songea bado halijapita."