Baba wa Jumapili

Fundi cherehani alimpakata bintiye, akapenyeza hati ya kiapo chini ya kioo cha dirisha la pasipoti. Alikuwa amepata kazi ya kushona ng'ambo, na tajiri wake mpya alikubali aende na mtoto. Ndege ilikuwa Ijumaa. Kilichobaki ni pasipoti ya Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Afisa alisoma polepole. "Dada, hapa unaapa kwamba baba wa mtoto hajulikani alipo, wala hamjamsikia tangu mtoto azaliwe."

"Ndiyo, afisa. Aliyeyuka tu."

"Basi hakuna neno. Saini ya mama itatosha." Akainua muhuri, akamchungulia mtoto. "Na wewe, bibi harusi, safari ya wapi?"

"Ya kwenye ndege! Baba alisema nisiogope."

Muhuri ulibaki hewani. "Baba yupi?"

"Baba yangu. Ananipigia kila Jumapili. Ana sauti nene!"

Baba wa Jumapili alikuwa kaka yake fundi, dereva wa lori. Siku Chiriku alipolia kwamba wenzake wote wana baba, dereva alitoka nje na simu, akaifanya sauti yake kuwa nene, akampigia. Walidhani ni mchezo wa siku moja. Ukaota mizizi.

Fundi aliegemea kioo, akanong'ona, "Afisa, huyo ni mjomba wake. Tunambembeleza mtoto tu."

"Nakuamini, dada. Lakini mtoto amesema mbele yangu." Afisa naye akashusha sauti. "Mpigie. Aseme yeye ni nani, tumalize."

Alipiga, akaweka spika. Simu ilipopokelewa tu, Chiriku aliidaka. "Haloo! Nani?"

Upande wa pili kilisikika kikohozi. "Halooo, malkia wa baba!"

"Kaka, ni mimi," fundi alisema haraka. "Sema wewe ni nani."

"Kaka tena?" Sauti ilizidi kuwa nene. "Mke wangu, leo umeamka na utani?"

Chiriku alicheka, akapiga makofi. Fundi alimtazama usoni, akaikata simu.

Afisa aliweka muhuri chini. "Mwenyewe umesikia. Sasa ni lazima jambo hili lipite kwa hakimu. Mwezi, labda zaidi."

"Ndege ni Ijumaa."

"Nimesikia, dada yangu. Mikono yangu imefungwa." Akairudisha hati kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

Walikuwa kwenye ngazi za nje simu ilipoita. Dereva alikuwa na sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye wasiwasi.

"Dada, vipi, mtoto ameshtukia? Maana uliniita kaka, nikajua tumekwisha. Ikabidi nijikaze."

Chiriku alikuwa anaruka ngazi, anamwimbia baba asiyemjua.

"Hajashtukia," fundi alisema. "Umefanya vizuri, kaka."